Siku Vifungo Aliponilipa Lote

Kwa anayenikuta leo njiani, nimsogeze kidogo tuende pamoja. Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule kwenye jengo la maduka lenye korido moja ndefu na feni isiyozunguka. Wiki za nyuma niliwasimulia jinsi mota ya cherehani yangu ilivyoungua katikati ya oda, jinsi mwenye shule alivyonikata malipo kwa kuchelewa, na jinsi kaka yangu mkubwa, fundi wa mafriji, alivyokuja kulala kwenye kochi langu "kwa siku mbili tu." Mpaka leo yupo, na kochi limeshachukua umbo lake.

Wengi mlinipa pole. Leo msinipe pole, maana ya leo nimejitakia mwenyewe.

Ilianza dukani, asubuhi. Nilikuwa nampima mtoto mabega, mama yake amesimama pembeni akilalamikia bei, Vifungo akaingia.

Vifungo ni rafiki yangu. Korido nzima inamwita hivyo kwa sababu ya kazi yake. Ana mashine ya kupiga matundu ya vifungo, na mimi sina. Nashona shati, nampelekea, anapiga matundu, anapachika vifungo, ananirudishia. Shati langu halijawa shati mpaka lipite mikononi mwake, na siri zangu nyingi zilipita hapohapo.

Aliweka bahasha mezani, juu ya kola nilizokuwa nimekata.

"Hesabu," akasema.

"Nihesabu nini?"

"Deni lako. Lote."

Nilimtazama kama anaongea lugha ya ugenini. Futi ikaniponyoka mkononi.

"Kuna nini, mwenzangu? Unasafiri?"

"Sisafiri."

"Unaumwa?"

"Mzima kabisa. Mtu akikopa si analipa?"

Yule mama wa mtoto akadakia, "Hata mimi nampenda mtu wa hivyo." Hakuna aliyemuuliza.

Hapa lazima niwaeleze jambo ambalo mimi na Vifungo hatukuwahi kumweleza mtu. Deni kati yetu lilikuwa haliishi. Akinikopa, ananirudishia, lakini anabakiza kidogo, sarafu chache tu za kununulia kibiriti. Nami nikimkopa, hivyohivyo. Kile kilichobaki tulikiita mkia.

Mkia ulianza siku ya kwanza aliponilipa. Alipungukiwa kidogo akaona haya, nikamwambia, "Acha hiyo. Ndiyo itakayokurudisha kwangu." Tukacheka mpaka majirani wakachungulia. Tangu hapo, kulipana mpaka mwisho likawa jambo la watu wasiopendana. Ukiwa na mkia wa mtu, una sababu ya kwenda kwake hata kama huna shida. Unafika, unasema, "Nimekuja kuuangalia mkia wangu," unavuta stuli, unakaa.

Sasa ameniletea mkia wenyewe ndani ya bahasha, mbele ya wateja.

Nilihesabu kwa sababu alinisimamia. Zilitimia. Noti zilikuwa mpya, na zilikuwa na harufu ile ya kitambaa kilichotoka kwenye jora sasa hivi. Sisi washonaji harufu hiyo haitupiti. Nikajua zimetoka kwenye droo ya nani.

"Asante kwa wema wako wote," Vifungo akasema, akaondoka. Alinishukuru kama anavyomshukuru karani wa benki.

Shati la yule mtoto nililikata mkono mmoja mrefu kuliko mwingine.

Droo ilikuwa ya Mama Vitambaa. Huyu alifungua duka upande wa pili wa korido mwaka huu, duka lenye kioo, lenye taa, lenye chupa ya chai mezani na vikombe vya kukaribishia watu. Ni mtu mzima, mcheshi, anajua kuongea na kila mtu. Nilimchukia tangu siku ya kwanza, na sababu nilikuwa sina. Sababu ilikuja baadaye, Vifungo alipoanza kunywa chai kule.

Kwanza alikuwa anapitia tu. Halafu akawa anakaa. Mimi nikawa natafuta kisingizio cha kupita mlangoni, mara naulizia zipu, mara naulizia uzi wa rangi ambao ninao kasha zima. Kila nikipita namsikia Vifungo akicheka kicheko chake cha kupiga paja. Kile kicheko nilidhani ni changu.

Naona wivu, ndiyo. Nasema wazi. Mwanamke mwenzangu ananywa chai na mtu mwingine, na mimi roho inaniuma kana kwamba nimeibiwa mume. Mume sina, kwa hiyo wivu wote ulikuwa na nafasi ya kutosha.

Na sasa wamefika mahali pa kukopeshana. Hilo ndilo lililonichoma. Kukopa si jambo la kumfanyia mtu yeyote. Ukimkopa mtu umemwonyesha mfuko wako ulivyo mtupu. Vifungo alikuwa hamwonyeshi mtu mfuko wake ila mimi.

Nikaona nimpime. Mchana nilivuka korido nikamkuta ameinamia mashine, pini mdomoni.

"Mwenzangu, nikopeshe nauli. Mteja wangu hajaleta hela."

Uongo mtupu. Bahasha yake ilikuwa imejaa ndani ya mkoba wangu.

Alifungua kopo lake mara moja akanipa. Moyo wangu ukatulia. Nikasema, "Nitakurudishia kesho, unajua kitakachobaki."

Akatoa pini mdomoni. "Usirudishe."

"Vipi nisirudishe?"

"Si mkopo. Nimekupa tu."

"Mimi sijaomba nipewe. Nimeomba nikopeshwe."

"Nauli tu, mwenzangu. Mambo ya kudaiana tuyaache sasa. Tumekuwa watu wazima."

Alisema hivyo kwa upole, macho kwenye kazi. Nikasimama pale na hela yake mkononi, nimegeuzwa ombaomba. Mtu ambaye hataki umdai, na hataki akudai, amebakiza nini na wewe? Nilitaka kumrushia ile nauli. Sikumrushia. Niliiweka mfukoni nikaenda zangu, nimevimba kama andazi.

Jioni hiyo kaka alikuwa amekaa mezani kwangu na kipande cha friji, bisibisi mkononi, waya zimetapakaa mpaka karibu na sahani yangu.

Kaka yangu ni mtu wa maneno machache. Aliyekuwa mke wake aliondoka akamwachia madeni ya mtaa mzima. Mwenye duka la mkate, mwenye genge, fundi viatu, wote walikuwa wanagonga mlangoni kwake asubuhi kabla hajanawa uso. Aliyalipa yote, moja baada ya jingine, na ndiyo maana analala kwenye kochi langu. Neno deni likitajwa mbele yake, anaacha kula.

Nilikuwa nalijua hilo. Shikeni hapo, nilikuwa nalijua vizuri.

"Mdogo wangu," akasema bila kuinua kichwa. "Yule rafiki yako wa matundu ni mtu wa namna gani?"

Siku nyingine yoyote ningemuuliza anauliza kwa nini. Ningekumbuka kwamba friji la Vifungo limekuwa likiharibika kila wiki tangu kaka aende kulitengeneza. Ningemtania mpaka akakimbilia bafuni. Lakini siku hiyo nilikuwa na nauli ya watu mfukoni.

"Mkopaji," nikasema.

Bisibisi ikasimama.

"Mkopaji vipi?"

"Anakopa, kaka. Leo kwa huyu, kesho kwa yule. Mimi mwenyewe tangu tujuane hakuna mara aliyonirudishia ikatimia. Lazima abakize. Kila mara anabakiza."

"Kila mara?"

"Muulize mwenyewe kama atakataa. Na sasa amehamia kwa Mama Vitambaa, huko nako anachota."

Ukiyapima maneno yangu moja moja, hutaona la uongo. Alikuwa anakopa, ndiyo. Alikuwa anabakiza, ndiyo. Nilichukua kile kitu chetu kitamu kuliko vyote nikakigeuza nje ndani, nikamwonyesha kaka mishono. Bahasha ya asubuhi sikuitaja. Wala sikusema kwamba nami nilikuwa nabakiza vilevile.

Kaka alizitazama zile waya zake. Halafu akasema, "Basi." Akakusanya vyombo vyake vya kazi, akajilaza kwenye kochi akanipa kisogo.

Mimi nikala vizuri. Hata chakula cha kwenye sufuria nilikikwangua.

Asubuhi niliamka nina nguvu za ugomvi. Nikaenda moja kwa moja kwa Mama Vitambaa, nijifanye nanunua bitana ya mifuko, huku nimtupie maneno mawili matatu ya mafumbo. Nilimkuta anapima kitambaa chepesi cha rangi ya maziwa. Kilikuwa kizuri, na hilo likaniudhi zaidi.

"Siku hizi unauza na kukopesha," nikamwambia. "Biashara imepanuka."

Akacheka. "Ah, amekwambia? Mimi aliniapisha nisiseme. Nikajua tu hataweza kukuficha wewe."

"Kunificha nini?"

Mkasi wake ukasimama katikati ya kitambaa. Alinitazama usoni, akaona sijui kitu, lakini maneno yalikwishatoka nusu.

"Wewe na Vifungo si marafiki?"

"Niambie, Mama."

Akavuta stuli akanikalisha. "Alikuja hapa akilia. Anasema ana deni lako, dogo, lakini haliishi, na hawezi kuingia kwenye familia yenu huku unamdai. Mimi nikamwambia ukweli. Rafiki unaweza kumbakizia. Wifi usimbakizie hata senti. Siku mkigombana jikoni atakukumbusha, na utakuwa huna la kujibu. Nikampa hela, nikamwambia nenda kamlipe mpaka mwisho, na kuanzia leo usimkope wala usimkopeshe. Mimi utanilipa taratibu."

"Familia ipi? Wifi gani?"

"Yenu. Kaka yako fundi friji. Wewe unaishi naye nyumba moja, dada, hujaona mwanaume anavyochana nywele?"

Nilikuwa nimeona. Nilidhani ni mba.

"Vifungo alitaka kukwambia mwenyewe," akaendelea. "Lakini kaka yako alimwambia, 'Niachie mimi, ni dada yangu, nitaanza na yeye.' Alisema ataongea na wewe jana jioni. Hajaongea?"

Swali la kaka lilinirudia kama lilivyo, na jibu langu likafuata nyuma yake.

Niwaambie kitu kibaya? Jambo la kwanza nililohisi halikuwa majuto. Nilihisi kwamba Mama Vitambaa amejua kabla yangu. Rafiki yangu anapendwa, analia kwa furaha na hofu, na bega alilolilia si langu. Majuto yalikuja ya pili, yakihema.

"Umekuwaje?" Mama Vitambaa akauliza. "Ngoja nikumiminie chai."

Sikungoja. Nilitoka mbio mpaka nyuma ya jengo, kwenye kibanda anachotengenezea kaka. Kufuli. Jirani yake anayeuza betri akaniambia amepita mapema na sanduku la vyombo, hata salamu hakuitikia. Nikapiga simu. Ikaita mpaka ikachoka.

Nikarudi dukani kwangu nikipanga maneno. Nilikuwa nimeamua. Nitampata kaka, nitamwambia nilisema kwa hasira, nitamweleza bahasha, nitamweleza yote, na aibu nitaimeza mimi. Naapa nilikuwa nimeamua.

Vifungo alikuwa amekaa kwenye stuli yangu.

Hakuwa analia. Alikuwa amekamata shati moja la oda yangu, anafunga vifungo na kuvifungua, anafunga na kuvifungua.

"Kaa," akasema. "Kuna jambo nilipaswa kukwambia zamani."

Akaniambia. Jinsi friji lilivyoanza kuharibika, jinsi kaka alivyolitengeneza likapona, akarudi kuangalia kama limepona, akarudi tena. Aliniomba radhi kwa kunificha. Alisema alikuwa anaogopa nitamcheka, na alitaka aje kwangu akiwa msafi, hanidai, simdai, nimpokee kwa moyo mweupe. Kila sentensi yake ilinikata.

"Leo amekuja kwangu asubuhi," akasema. "Hakuingia ndani. Amesimama mlangoni akaniuliza swali moja tu, kama ni kweli kwamba hakuna deni nililowahi kulimaliza. Nikamuuliza nani kakwambia. Hataki kusema. Nikamwambia nimelipa, nimemaliza, kamuulize Mama Vitambaa. Akasema nimpe muda afikiri. Mwenzangu, mwanaume akisema hivyo huku ameshika sanduku lake, harudi."

"Atarudi," nikasema.

"Nani kamwambia?"

Nikainama kuokota kipande cha uzi sakafuni.

"Nimefikiri tangu asubuhi," akasema. "Mambo yangu ya kukopa yanajulikana na watu wawili tu duniani. Wewe na Mama Vitambaa."

Akaniinulia macho. Hayakuwa macho ya kunishuku. Alikuwa ananitazama kama zamani, kabla ya chai ya upande wa pili, kama mtu anayengoja nimwambie cha kufanya.

Nikafungua mdomo niseme ni mimi. Mnaniamini? Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini nilipomwona ananitazama vile, mimi peke yangu, nikaona nafasi iliyo mbele yangu, pana kama mlango wa ghala.

"Sipendi kumtaja mtu," nikasema.

"Taja."

"Jana nilimwona kaka akitoka dukani kwake. Sikujua wanaongea nini. Alifika nyumbani amebadilika."

Kaka hakukanyaga duka lile jana. Alikuwa kutwa nzima anahangaika na friji la bucha.

"Mama Vitambaa?" Vifungo akauliza polepole. "Si yeye aliyenipa hela?"

"Wako watu wanakupa hela ili wapate la kusema. Ni yeye, mwenzangu. Kama si yeye, basi ni mimi. Chagua."

Niliisema hiyo ya mwisho kama mzaha. Mpaka sasa sijui nilitumwa na nani.

Vifungo aliweka shati chini. Machozi yakaanza kumtoka, akaja akanikumbatia kwa nguvu, kidevu chake kikanichoma begani.

"Nilijua wewe huwezi," akasema. "Nilikuwa mjinga. Nimekuacha wewe nikamfuata mtu wa juzi."

Maneno hayo nilikuwa nimeyaota. Nilikuwa nimeyapanga kichwani nikiwa nakanyaga cherehani, neno kwa neno. Nikamkumbatia nami. Nilikuwa na furaha, na nilijua ni ya wizi.

Halafu akajifuta uso kwa mgongo wa mkono, akanishika.

"Twende."

"Wapi?"

"Kwake. Utayasema hayohayo mbele yake. Sitaki anizungushe kwa maneno matamu."

"Sasa hivi? Tungoje upoe."

"Sijapoa na sipoi. Wewe ndiye shahidi wangu."

Akanivuta. Tukatoka hadi koridoni tumeshikana mikono kama wasichana wa shule. Watu wa maduka walituona. Muuza mikoba akasema, "Leo mmepatana?" Nikamtabasamia. Mguu mmoja ulikuwa unakwenda na mwingine unakataa, na bado sikuutoa mkono wangu.

Mlango wa Mama Vitambaa ulikuwa wazi. Alikuwa amesimama nyuma ya meza, mikono kifuani, hacheki. Mbele yake, kwenye ile stuli niliyokuwa nimekalishwa asubuhi, alikuwa amekaa kaka, sanduku la vyombo miguuni, kikombe cha chai hakijaguswa.

Alikuwa amekwenda kuuliza, kama alivyoambiwa aulize.

Kaka alimtazama Vifungo. Kisha akanitazama mimi, muda mrefu, kama anavyoitazama mashine anayojua ubovu wake uko wapi.

"Afadhali na wewe upo," Vifungo akamwambia. Akanisukuma mbele, taratibu, bila kuniachia. "Haya, mwenzangu. Waambie."

Mkono wake ulikuwa wa moto ndani ya mkono wangu. Na nilichokuwa nawaza, Mungu anisamehe, hakikuwa ndoa ya kaka wala jina la mama wa watu. Nilikuwa nawaza tu kwamba nikifungua mdomo, vyovyote nitakavyosema, atauachia mkono wangu.